Jiko na Sarufi: Kujifunza Kiitaliano Ukubwani kwa Vyakula vya Majira ya Baridi

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Nina umri wa miaka 51, na tangu Septemba ninaishi Torino, ambako mume wangu anafanya kazi. Kwa miezi kadhaa nimejifunza Kiitaliano kwa programu ya simu. Maneno nimeyajua mengi, lakini jirani akinisemesha ngazini nakosa hata sentensi moja ya kumjibu. Baridi imenifungia ndani, na jambo ninalolifanya kwa raha ni kupika vyakula vya huku vya msimu huu. Je, jiko linaweza kunifundisha lugha, au ninajidanganya? Nianze na chakula kipi? Na kwa umri wangu, si afadhali nijiunge na darasa tu, niachane na mambo ya sufuria?»

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji, na pole kwa baridi ya huko.

Jiko linaweza kukufundisha, ila kwa sharti moja ambalo wanafunzi wengi hawalitimizi: usiyasome maelezo ya upishi na kuyaacha kama yalivyo. Maelezo hayo yameandikwa kwa lugha ya amri, na mtu anayeyasoma na kuyatii, hata akipika vyakula mia moja, atakuwa amejifunza kuamriwa kwa Kiitaliano bila kujifunza kukisema. Faida huanza pale unapoyageuza. Amri iliyo kitabuni unaifanya iwe maelezo ya kile unachokifanya sasa hivi, kisha masimulizi ya ulichokifanya jana, kisha mpango wa utakachokifanya wiki ijayo, na mwishowe mazungumzo na mtu mwingine. Kwa sababu hiyo chakula kimoja kilichopikwa mara nyingi kitakufaa kuliko vyakula vingi vilivyopikwa mara moja moja, na ushauri wangu wote hapa chini umejengwa juu ya jambo hilo.

Nianze na umri, kwa kuwa naona ndio unaokutia hofu zaidi ingawa umeutaja mwishoni. Mtu mzima anayejifunza lugha mpya hupungukiwa katika mambo mawili: sikio lake huchelewa kuzikamata sauti ambazo lugha zake za awali hazina, na lafudhi yake kwa kawaida hubaki ya mgeni. Katika mengine mengi hayuko nyuma. Kanuni akielezwa huielewa, muda wake anajua kuupanga, na tayari anayo lugha nyingine ya kulinganishia. Ndiyo maana katika miezi ya mwanzo watu wazima mara nyingi huishika sarufi haraka kuliko watoto wadogo, ingawa watoto huja kuwapita baadaye, hasa katika matamshi. Isitoshe, nchi uliyomo ni nchi ambayo watu wengi sana wamejifunza lugha ya taifa wakiwa wakubwa. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokuwa wakikizungumza Kiitaliano walikuwa kama asilimia 2.5 tu ya wakazi. Watafiti wengine wameyapandisha makadirio hayo hadi karibu asilimia 10, lakini hata kwa hesabu hiyo walio wengi walizungumza lugha za mikoa yao nyumbani na sokoni. Karne moja baadaye bado walikuwapo watu wazima wengi wasiojua kusoma, na kati ya mwaka 1960 na 1968 shirika la utangazaji la RAI lilirusha masomo ya televisheni ya mwalimu Alberto Manzi, yaliyowalenga watu hao hasa, kwa jina lenye maana kwamba muda haujapita kamwe. Torino yenyewe, katika miaka ya 1950 na 1960, ilipokea umati wa wahamiaji kutoka kusini waliokwenda kufanya kazi viwandani, na lugha walizozungumza nyumbani hazikufanana na Kipiemonte, lugha ya mkoa huo wa Piemonte, kilichosemwa mitaani. Huenda huyo jirani wa ngazini, akiwa mzee wa kutosha, aliipitia njia hiyo hiyo.

Msimu nao unakusaidia zaidi ya unavyodhani. Kwa kanuni za Italia, Torino imo katika kanda E ya hali ya hewa, ambamo majengo kwa kawaida huwashiwa joto kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 15 Aprili, na miezi hiyo sita ndiyo pia miezi ya vyakula vinavyopikwa taratibu. Vyakula vya kiangazi havina sarufi nyingi: unakata nyanya, unatia mafuta na chumvi, unakula. Chakula cha baridi kina hatua nyingi zinazofuatana na kutegemeana. Kitu kinalowekwa tangu jana yake, kingine kinakaangwa kidogo kwanza, kingine kinasubiri mpaka divai ikauke, na kingine kinaongezwa kabla maji hayajachemka tena. Hapo ndipo yanapopatikana yale maneno ya kuunganishia ambayo programu ya simu haikukupa kwa wingi, yaani *prima* (kwanza), *poi* (kisha), *intanto* (wakati huohuo), *appena* (mara tu), *finché* (mpaka), *dopo aver tritato* (baada ya kukatakata), *prima di aggiungere* (kabla ya kuongeza). Nina hakika kwamba ukosefu wa viungo hivyo, kuliko ukosefu wa majina ya vitu, ndio unaokufanya unyamaze ngazini. Pia kuna saa nzima au zaidi ya kungoja, huku mikono ikiwa na kazi ndogo na mdomo ukiwa huru.

Anza na *pasta e fagioli*, supu nzito ya maharagwe na tambi fupi. Viungo vyake ni vya gharama ndogo, ukiikosea kidogo bado inalika, na maelezo yake ni mafupi kiasi cha kuyashika kichwani. Maelezo ya kawaida husomeka hivi: *Mettete i fagioli in ammollo la sera prima. Tritate la cipolla, la carota e il sedano e fateli appassire nell'olio a fuoco dolce. Aggiungete i fagioli scolati, copriteli d'acqua e lasciateli cuocere per un'ora e mezza. Frullatene una parte, rimettetela nella pentola, versate la pasta e cuocetela.* Maana yake ni kwamba maharagwe yalowekwe tangu usiku. Kitunguu, karoti na seleri vikatwekatwe na kuachwa vilegee katika mafuta kwa moto mdogo. Maharagwe yaliyochujwa yaongezwe, yafunikwe kwa maji na kuachwa yaive kwa saa moja na nusu. Sehemu yake isagwe na kurudishwa chunguni. Kisha tambi zitiwe na kupikwa humo humo.

Tazama mwisho wa vile vitenzi: *copriteli*, *rimettetela*, *cuocetela*. Silabi *li* ni ya maharagwe, *la* ya kwanza ni ya ile sehemu iliyosagwa, na *la* ya pili ni ya tambi. Mwanafunzi ambaye lugha yake haina jambo hili huteseka nalo kwa muda mrefu, lakini wewe umelisema maisha yako yote, kwa kuwa Kiswahili husema «maharagwe yafunikeni» na «kitunguu kikateni», na hakuna Mswahili anayechanganya *ya* na *ki* hapo. Tofauti ni mahali pa kukiweka kiambishi: katika amri za namna hii, Kiitaliano hukipachika nyuma ya kitenzi. Ukiacha kuamrisha na kuanza kusimulia, kinarudi mbele, *li copro*, *la cuocio*, karibu kabisa na pale ambapo «ninayafunika» hukiweka. Hali kadhalika kuhusu upatanisho wa nomino na sifa zake. *La cipolla tritata*, *il sedano tritato*, *le carote tritate*, *i fagioli scolati*: aliyezoea «kitunguu kilichokatwa» na «maharagwe yaliyochujwa» hana haja ya kuelezwa kwa nini sifa ibadilike, anachohitaji ni kujua tu kila nomino imo katika kundi gani. Kiitaliano kina jinsia mbili, pamoja na umoja na wingi wake, ambazo kwa mtu mwenye ngeli zetu si mzigo. Usiandike neno *sedano* peke yake daftarini hata siku moja. Liandike *il sedano*, kama ambavyo huwezi kumfundisha mtu Kiswahili kwa kumtajia nomino bila upatanisho wake.

Sasa kazi yenyewe. Mara ya kwanza upike ukisoma kwa sauti na kutii, bila kutafsiri kila neno, kwa sababu mikono itakuonyesha maana ya *tritare* na *scolare*, na neno lililofanyiwa tendo hukaa kichwani kuliko neno lililosomwa tu. Mara ya pili funga kitabu na useme kila unachokifanya: *Metto i fagioli in ammollo. Trito la cipolla. Li copro d'acqua, li lascio cuocere.* Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako, na ukikwama sema sentensi fupi zaidi badala ya kuhamia lugha nyingine. Acha siku kadhaa zipite kati ya upishi mmoja na mwingine, juma moja hivi, kwani kumbukumbu huimarika pale unapolazimika kulitafuta tena jambo lililokwisha kuanza kufifia. Mara ya tatu, chakula kikiwa kimeiva na umekwisha kula, kaa chini uandike nusu ukurasa wa mambo yaliyopita.

Hapo ndipo utakapoona utajiri wa jiko. Wakati uliopita wa Kiitaliano hutumia umbo maalumu la kitenzi ambalo mara nyingi halifuati kanuni, na vitenzi vingi vya namna hiyo vinavyotumika kila siku vinapatikana mbele ya moto: *ho messo* (nimeweka), *ho cotto* (nimepika), *ho fritto* (nimekaanga), *ho aggiunto* (nimeongeza), *ho sciolto il burro* (nimeyeyusha siagi), *ho acceso il gas* (nimewasha gesi), *ho spento il forno* (nimezima tanuri), *ho aperto* (nimefungua), *ho chiuso* (nimefunga), *è rimasto* (kimebaki). Ukivikariri kutoka kwenye jedwali la kitabu cha sarufi utavisahau ndani ya mwezi, lakini ukivitumia kueleza supu iliyo mbele yako utajikuta unavitumia pia kueleza taa uliyoizima na dirisha uliloliacha wazi. Ajali za jikoni nazo zinakupa kile kitenzi kisaidizi cha pili kinachowachanganya wanafunzi, yaani *essere*: *l'aglio si è bruciato* (kitunguu saumu kimeungua), *la polenta si è attaccata* (polenta, ule ugali wa huko, imegandia sufuria), *il brodo è rimasto sul fuoco* (mchuzi umebaki motoni), *la zuppa è venuta bene* (supu imetoka vizuri). Usizifiche ajali hizo katika maandishi yako. Mapishi yasiyo na kasoro yana maneno machache ya kusimulia.

Jambo jingine ambalo Kiswahili kimekuandalia ni tofauti ya «chemka» na «chemsha». Waitaliano husema *l'acqua bolle* kwa maji yanayochemka na *faccio bollire l'acqua* kwa mtu anayeyachemsha. Kile ambacho sisi tunakifanya kwa kiambishi kimoja mwishoni, wao hukifanya kwa kuweka *fare* mbele. Ukilielewa hilo, nusu ya vitabu vya upishi inafunguka, kwa sababu *far rosolare* (kukaanga mpaka kigeuke rangi), *far appassire* (kulegeza), *far ridurre* (kupunguza mchuzi kwa moto) na *far raffreddare* (kupoza) zote zimejengwa hivyo, na nje ya jiko ni hivyo hivyo: *far vedere* ni kuonyesha, *far ridere* ni kuchekesha.

Baada ya supu, hamia kwenye polenta. Uwiano wa kawaida ni gramu 250 za unga wa mahindi kwa lita moja ya maji, na unga wa chenga, unaoitwa *bramata*, huhitaji kukorogwa kwa dakika kama 45. Upo unga uliopikwa nusu kiwandani ambao huwa tayari kwa dakika chache. Ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye njaa, lakini kwa somo letu haufai, kwa kuwa tunazitaka hizo dakika 45. Unga humiminwa *a pioggia*, kama mvua, na hukorogwa *finché si stacca dalle pareti*, mpaka uachane na kuta za sufuria. Wakati wa kukoroga, simulia upya supu ya wiki iliyopita bila daftari, kisha useme utakavyobadilisha mara nyingine: *la prossima volta metterò meno sale* (mara ijayo nitapunguza chumvi), *lascerò i fagioli in ammollo più a lungo* (nitaloweka maharagwe kwa muda mrefu zaidi). Wakati ujao wa Kiitaliano si mgumu, unataka tu kupewa nafasi. Polenta ikiwa tayari, changanya ndani yake siagi na jibini ya *toma* ya huko Piemonte au *fontina* ya Valle d'Aosta, nayo itaitwa *polenta concia*, chakula kinachotosha kwa jioni nzima.

Brasato, yaani pande la nyama ya ng'ombe linalopikwa polepole kwa divai ya Barolo kwa muda wa saa tatu hivi, kiache kiwe cha tatu. Kinadai ulinganishe nyakati mbili, kwa sababu nyama imelazwa katika divai tangu siku iliyotangulia, na lugha ya *avevo già messo* (nilikuwa nimekwisha kuweka), *nel frattempo* (wakati huohuo), *dopo tre ore* (baada ya saa tatu) inaingia yenyewe. Msomaji asiyetumia divai hapotezi somo lolote: *spezzatino*, yaani vipande vya nyama vilivyochemshwa taratibu kwa supu, kina vitenzi karibu vilevile. Na kwa kuwa nimegusa jambo hilo, wasomaji wetu wengi hawali nguruwe, nao wafahamu kwamba katika vyakula vya baridi vya Italia nguruwe hujificha sana, ndani ya *strutto* na *lardo*, ambayo ni mafuta yake, *pancetta*, ambayo ni nyama ya tumbo lake, na *cotechino*, ambayo ni soseji yake. *Non mangio carne di maiale* (sili nyama ya nguruwe) na *c'è dello strutto?* (kuna strutto ndani yake?) ni sentensi za kujifunza katika wiki ya kwanza, wala hazihitaji kusubiri darasa.

Utaona kwamba karibu kila chakula nilichokitaja huanza kwa kitunguu, karoti na seleri vilivyokatwakatwa na kulegezwa katika mafuta, yaani *soffritto*. Sentensi za mwanzo wa *minestrone*, yaani supu ya mboga, wa supu ya dengu na wa brasato hutofautiana kidogo sana. Huo ndio urudiaji ambao watu huutafuta kwa kadi za maneno, nawe unaupata bila kadi. Zile herufi *q.b.* utakazozikuta pembeni ya chumvi na mafuta husimama badala ya *quanto basta*, kiasi cha kutosha, na mwandishi anakuachia wewe uamuzi.

Kuhusu vitabu, bila shaka kuna mtu atakayekushauri ununue mkusanyiko wa Pellegrino Artusi, uliotoka mara ya kwanza Firenze mwaka 1891 na kuendelea kukua mpaka ukafikia mapishi 790. Ni kazi iliyosaidia kuwapa Waitaliano wa mikoa mbalimbali lugha moja ya jikoni, na ni mwandishi mcheshi. Hata hivyo Kiitaliano chake ni cha zamani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atabeba kutoka humo maneno yatakayowashangaza wauza mboga. Mwache mpaka mwaka wa pili. Kwa sasa tafuta maelezo mafupi ya siku hizi, hata yaliyochapishwa nyuma ya pakiti ya unga. Pia usihangaike kutafuta kwenye kamusi ya Kiitaliano majina ya vyakula kama *tajarin*, *bagna caoda* au *supa mitonà*, kwani hayo ni Kipiemonte, nayo yachukulie kama majina tu.

Matamshi yanahitaji maneno kadhaa, ingawa hukuuliza. Irabu za Kiitaliano zitakuwa rahisi kwako, *gn* ya *gnocchi* ni *ny* yetu, na *sc* ya *sciogliere* ni *sh*. Mtego wa kwanza uko katika maandishi: *ce* na *ci* husomwa «che» na «chi», ilhali *che* na *chi* husomwa «ke» na «ki», kinyume cha mazoea ya macho yetu, kwa hiyo *ceci* ni «chechi» na *cucchiaio* huanza kwa «ku» na kuendelea kwa *k* iliyokazwa. Mtego wa pili ni mkazo. Kiswahili huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi kiasi cha kukufanya uamini ndiyo kanuni, mpaka unapoingia jikoni na kukuta *pentola*, *mestolo*, *sedano*, *cavolo*, *zucchero* na *mescolo*, ambayo yote yanakaziwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Mswahili akitamka «pentóla» ataeleweka baada ya kimya kidogo, na kimya hicho humvunja moyo bure. Mtego wa tatu ni konsonanti maradufu, ambazo hazina budi kushikiliwa: *sete* ni kiu na *sette* ni saba, *casa* ni nyumba na *cassa* ni mahali pa kulipia. Tambi zinazoitwa *penne*, zikitamkwa kwa *n* moja, hugeuka neno lisilotajwa mezani mbele ya wakwe. Ukiwa na shaka, kaza zaidi.

Sasa turudi ngazini kwa jirani yako. Kinachokushinda kwake, nadhani, ni kutotabiri atakachosema. Mtu anaweza kuzungumzia mvua, lifti, bili au mjukuu, na ubongo wa mwanafunzi hauwezi kujiandaa kwa yote hayo kwa wakati mmoja. Basi chagua wewe mada, na uchague ile ambayo maneno yake yako kinywani mwako tayari. Muulize anaipika polenta kwa muda gani: *Signora, Lei la polenta quanto tempo la fa cuocere?* Waitaliano wana maoni makali juu ya mambo haya, na jibu lake litakuja na *ci vuole almeno un'ora* (inahitaji angalau saa moja), *ma no* (hapana bwana), *mia madre invece la faceva così* (mama yangu yeye aliifanya hivi), ambayo kwa sehemu kubwa utayaelewa kwa sababu umeyapika. Mtu usiyemzoea, hasa aliyekuzidi umri, mwambie *Lei*, ile «wewe» ya heshima, na kitenzi kikae katika nafsi ya tatu umoja kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine. Siku mkizoeana atakwambia mwenyewe *diamoci del tu*, yaani tuitane *tu*, «wewe» ya kawaida, usimtangulie.

Fanya vivyo hivyo sokoni Porta Palazzo, katika Piazza della Repubblica, asubuhi ambayo watu si wengi sana. Jibini na nyama zilizokatwa huuzwa kwa *etto*, yaani gramu 100, kwa hiyo utasema *vorrei due etti di toma* (ningependa gramu 200 za toma), na mboga kwa kilo, *mi dà mezzo chilo di borlotti?* (unipe nusu kilo ya maharagwe ya borlotti?) Muuzaji atauliza *altro?* (kingine?), nawe utajibu *basta così, grazie* (inatosha, asante). Mazungumzo hayo ni mafupi mno kukufundisha kitu mpaka uongeze swali moja, *Lei come li cucina?* (wewe huyapikaje?), ambalo hakuna muuza maharagwe atakayelijibu kwa neno moja. Na ukialikwa mahali penye *bagna caoda*, mchuzi wa moto wa dagaa wa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni ambao watu huchovya mboga ndani yake kwa saa kadhaa, usikose kwa hofu ya lugha. Ni chakula kinacholiwa polepole na kwa kuzungumza, na *ne vuoi ancora?* (unataka tena?) na *ce n'è ancora?* (imebaki bado?) zitarudiwa mezani mpaka kile kineno *ne*, kinachowasumbua wanafunzi hata wa mwaka wa tatu, kiwe kitu cha kawaida kwako.

Mwisho ni darasa, nalo jibu langu ni kwamba jiunge, bila kuacha sufuria. Jiko halitakupa lugha ya zahanati, ya benki wala ya ofisi ya vibali, wala halitakusahihisha. Vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima, vinavyojulikana kwa kifupi kama CPIA, hutoa kozi za Kiitaliano kwa wageni kuanzia ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, ambayo hufuatwa na A2 kisha B1, bure au kwa ada ndogo. Angalia pia hati zako za ukaazi: wageni wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza na kupewa kibali cha mwaka mmoja au zaidi hutia saini makubaliano ya ujumuishwaji yaliyoanza kutumika mwaka 2012, ambayo miongoni mwa masharti yake yanataka Kiitaliano cha kuzungumza cha ngazi ya A2 ndani ya miaka miwili. Kama utakuja kuomba uraia kwa ndoa au kwa ukaazi, sheria tangu mwaka 2018 hudai B1, inayoweza kuthibitishwa kwa vyeti kama CILS cha Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI cha Perugia au PLIDA cha Società Dante Alighieri. Ile programu ya simu iache ikusaidie tahajia kwa dakika chache kwa siku, isizidi hapo.

Kila wiki mpelekee mwalimu wa darasani ile nusu ukurasa uliyoandika baada ya kula, na umwombe asikusahihishe kila kitu kwa mpigo. Wiki hii aangalie maumbo ya wakati uliopita peke yake, wiki ijayo viambishi vya *lo*, *la*, *li* na *le*, na inayofuata maneno ya kuunganishia. Ukurasa uliojaa wino mwekundu wa makosa ya kila aina haumfundishi mtu mzima chochote, ila makosa matano ya aina moja, ukiyaandika upya kwa usahihi siku hiyo hiyo na kuyasema kwa sauti utakapopika tena, yatakuwa yamepungua kabla ya Aprili.